Hina Mbichi

Bango letu la kwanza lilikuwa zuri mno, na kosa lilianzia hapo. Lilikuwa la samawati, herufi nyeupe kubwakubwa: AFYA YA AKILI KWA VIJANA, KARIBUNI NYOTE. Tulilifunga kwenye ukuta wa ukumbi mdogo wa kukodi hapa Kisauni, kando kabisa ya barabara, ili kila mpita njia alione. Nikapanga viti. Nikaleta maji ya kunywa na biskuti. Mshauri nasaha tuliyemwomba kutoka zahanati akaja mapema, kavaa vizuri, akaketi. Tukaketi naye. Hadi adhuhuri aliyekuwa ameingia mle ndani ni mbuzi mmoja, naye alifuata biskuti.

Nilikasirika. Mimi ni mwanamke wa kukasirika upesi, wanaonijua hawashtuki tena. Kazi yangu ilikuwa, na bado ni, kuratibu huduma ya kuwafikia vijana waliolemewa moyoni na akilini upande huu wa Kisauni: Frere Town, Kiembeni, mpaka Mwakirunge kule kwenye machimbo ya mawe. Kuratibu ni neno kubwa kwa kazi ya kupiga simu, kuazima viti, kumbembeleza mwenye ukumbi na kumkumbusha mshauri kwamba leo ndiyo siku yenyewe. Nilikuwa nimezunguka wiki nzima nikitangaza. Kila niliyemwambia alinijibu kwa adabu, "Inshallah, tutakuja." Hakuja hata mmoja.

Aliyenifumbua macho ni mhudumu wa afya wa mtaa wetu, mwanamke wa makamo wa ukoo wa zamani wa hapa, ambaye mimi humwita Mamkubwa ingawa hatuna udugu wa damu. Alisimama chini ya bango, akalisoma polepole, akafunga buibui lake vizuri, akaniuliza:

"Mwanangu, hapa umeandika nini?"

"Si unaliona, Mamkubwa?"

"Naliona. Sasa mimi ni mwanamwali, natafutiwa mchumba. Nipite chini ya hili bango niingie ndani, watu wote wanitolee mato, mamangu akisikia atanifanyaje?"

Nikaligeukia bango langu, nikalisoma upya.

"Hapa ukitaja akili ya mtu, watu wasikia wazimu," akasema. "Umewaita watoto wa watu waje wajitangaze wazimu, tena kando ya barabara, na biskuti juu. Wallahi, hata huyo mbuzi aliyeingia ni shujaa."

Tulilishusha bango siku ile ile. Nililikunja kwa hasira, nikalitia uvunguni mwa kitanda changu, na huko liko mpaka leo.

Niseme kidogo mimi ni nani, maana hilo nalo lina sehemu yake. Babangu alitoka bara akaja kufanya kazi katika kiwanda kimoja cha Changamwe, mamangu akamfuata, nami nikazaliwa na kulelewa Frere Town. Nikienda bara, binamu zangu hunicheka kwa Kiswahili changu, ati naongea kama mtu aliye katika harusi. Nikirudi hapa, wenyeji hunisahihisha. Jumapili naenda kanisani, lakini tangu utoto nimefuturu kwa majirani na siku za Idi nimetembezwa nyumba kwa nyumba pamoja na watoto wao. Karibu kila jambo la hapa nimejifunza. Kilichonishinda ni hina. Mkono wangu ni mzito. Shuleni nilichora ng'ombe, mwalimu akanisifu kwa kuchora meza.

Hina basi iliingia katika kazi yetu bila kualikwa. Majuma machache baada ya aibu ya bango, kulikuwa na harusi jirani na kwa Mamkubwa, akaniambia nipite nimsalimu. Sebuleni kwake nilikuta wasichana wametandaza mkeka, wanapakwa hina. Zamani, walivyonieleza wakubwa, maua ya hina ya mikono yote miwili yalikuwa ya walioolewa. Siku hizi hata wanawali hupakwa, na wa kanisani kwetu nao huja. Nikapewa chai, nikaketi pembeni.

Kama hujawahi kupakwa, jambo la kujua ni hili: hina mbichi inataka mtu atulie. Ukishachorwa, mikono inakaa juu ya magoti, viganja wazi, mpaka ikauke. Hushiki kitu. Simu zilikuwa zimelala mkekani zikitetemeka na kulia, na wenyewe wakizitazama tu. Mwenye kuwashwa pua aliomba akunwe. Mwenye kiu alinyweshwa. Na kwa kuwa hakuna aliyeweza kuondoka wala kujificha nyuma ya simu, walizungumza. Kwanza mambo ya harusi na umbea wa kawaida. Halafu msichana mmoja, hakuna aliyemwuliza, akasema tangu amalize chuo na kukosa kazi hapati usingizi, kila siku moyo unamwenda mbio bila sababu. Mwenzake akasema, "Hata mimi." Wa tatu akaanza kulia, na kwa vile hawezi kujifuta, Mamkubwa akamfuta kwa ncha ya leso yake, kimya kimya, kisha akaendelea kukanda hina.

Chai yangu ilipoa mkononi. Hayo ndiyo niliyokuwa nimeyapangia viti na biskuti.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi tukawa na hina sebuleni kwa Mamkubwa. Mimi niliwajibika na unga wa hina, malimau, sukari na simu za kuwaalika wenye haya. Mshauri yule wa zahanati naye akaja, mwanamke mpole wa umri wangu, na sharti letu kwake lilikuwa moja: naye apakwe. Asingeweza kuandika wala kushika faili, akawa mtu kama watu. Mamkubwa kabla ya kuanza alikuwa akisimama mlangoni na kusema, "Yasemwayo humu yana sitara. Mwenye kuyatoa nje asinikanyagie mlango." Hakuna aliyethubutu. Mwenye zito lisilosemeka mbele ya watu aliingia chumba cha ndani na mshauri hina ikikauka, na aliyehitaji daktari tulimsindikiza sisi wenyewe, mmoja kulia mmoja kushoto, kama watu waendao sokoni.

Wavulana tuliwafikia kwa kinyozi huko Kiembeni, ambaye mimi na mshauri tulimfundisha namna ya kusikiliza. Kumbe mwanamume akishainamishwa kichwa na kuwekwa wembe shingoni hana haraka ya kwenda popote. Lakini hiyo ni habari yao, na wao wataieleza wenyewe. Mimi nilikuwa wa hina, na nilijivuna. Nilitembea barabarani kichwa juu, nikamsalimu hata mwenye ule ukumbi wetu wa mbuzi.

Siku moja Mamkubwa akikanda hina alivuta pumzi, akasema, "Lau yule angekuwapo, ndipo mungejua hina ni nini."

"Yule nani?"

Akanieleza. Nyumba chache kutoka pale kulikuwa na binti, kijana bado, ambaye mkono wake ulisifika kuliko wote mtaani. Maharusi walimngoja yeye hata wakabadili siku. Mumewe alikuwa dereva wa lori la mawe la Mwakirunge. Akafa kwa ajali ya barabarani, hata mwaka haujapita tangu ndoa. Binti akarudi kwa mamake, akakaa eda, kama inavyompasa mke aliyefiwa: hatoki bila dharura, hajipambi, hapaki hina. Eda ikaisha.

"Na sasa yu wapi?"

"Yuko ndani," akasema Mamkubwa. "Eda imekwisha, lakini yeye hajatoka."

Tulikwenda kesho yake asubuhi. Tukapiga hodi, mamake akatukaribisha kwa furaha. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akatuuliza hali za nyumbani, za wazee, za watoto, nasi tukajibu zote njema. Nikauliza habari za binti.

"Ametulia, alhamdulillah," akasema, na uso wake ukanawiri. "Mwanangu ana subira, wallahi. Hatoki. Hacheki ovyo. Hataki makuu, hata chakula agusa tu. Watu wote wanisifu kwa malezi."

Alikuwa akisema kweli, watu walimsifu. Nimesikia kwa masikio yangu wanawake wa mtaa wakiwaambia binti zao wamtazame yule, mjane mwenye heshima zake. Ni kosa ambalo watu wakorofi wasingelifanya. Lilihitaji watu wanaothamini haya na utulivu, wamwone msichana anazimika, waseme mashaallah, ametulia.

Tukapelekwa chumbani. Binti alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, leso kichwani, mikono mapajani. Viganja vilikuwa vyeupe, havina hata alama. Kwenye kigoda palikuwa na sahani iliyofunikwa kwa kawa. Nilipoifunua kidogo nikakuta wali na samaki wa jana, haujaguswa.

"Hujambo, mdogo wangu?"

"Alhamdulillah."

"Unalala vizuri?"

"Alhamdulillah."

"Na kula?"

"Alhamdulillah."

Sauti yake ilikuwa nzuri, ya chini, yenye adabu. Mtu akishamshukuru Mungu wake utamwambia nini? Mimi tena, mtoto wa kanisani, nimwambie aache kushukuru? Nilimtazama Mamkubwa. Yeye akasogea, akaketi kitandani bega kwa bega naye, akasema kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake:

"Mwanangu, Mola tushamshukuru. Sasa tuambie wewe."

Binti alitazama viganja vyake. Nje kulikuwa na muuza mboga anayepita akinadi mchicha, akaenda, sauti yake ikapotea. Halafu machozi yakaanza kumtoka bila uso kubadilika. Mshauri alikuwa ametufundisha kwamba swali zito huulizwa wazi, bila kuzunguka, na kwamba kuliuliza hakumpi mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Nikapiga moyo konde.

"Huwa unaona ni afadhali ufe?"

"Kila nikilala naomba nisiamke," akasema. "Ni dhambi, dada? Sijifanyi kitu. Naomba tu."

Mamake alikuwa kasimama mlangoni na kombe la sharubati. Alisikia. Akasema haraka haraka, kama mtu anayefunika sufuria isifurike, "Amemkumbuka Mola wake, ndiyo hayo. Ni ucha Mungu."

Damu ilinipanda. Nilifungua mdomo, na najua kabisa nilichotaka kusema, na kingetufungia mlango ule daima. Mamkubwa akanifinya paja, akanifinya hasa, alama ilikaa wiki nzima. Kisha yeye akamgeukia yule mama.

"Dadangu, eda ina mwisho. Aliyeiweka ndiye aliyeiwekea mwisho. Wewe na mimi ni nani tuiongeze?"

Yule mama aliliweka kombe chini. Akakaa palepale sakafuni, kizingitini, akajishika kichwa. "Nami nikawaambia watu ana subira," akasema. "Nikawaambia watu." Akalia kwa sauti. Hasira yangu yote ikayeyuka, nikaona haya kwamba nilikuwa nayo. Mama huyu alikuwa anampenda binti yake kuliko roho yake, ila alifundishwa kuusoma utulivu ule vibaya, kama sisi sote.

Mshauri alikuja alasiri ile ile. Ili majirani wasitie maneno, aliingia na mfuko wa unga wa hina mkononi, mtu yeyote angedhani ni mambo ya harusi. Walikaa ndani hadi jua likapungua. Baada ya hapo mamake alihamishia godoro lake chumbani kwa binti, akalala naye, wala hatukuhitaji kumwambia mara mbili. Tukampeleka kwa daktari, akapewa dawa, na mshauri akawa anakwenda kila juma na mfuko wake wa hina. Majirani wakaanza kuuliza huyo bwana harusi ni nani. Mamake akawajibu, "Akipatikana tutawaalika," nasi tulipomsikia anatania tukajua kwamba na yeye anapona.

Binti alikwenda polepole. Kuna juma alizungumza na kuna juma alirudi kwenye alhamdulillah zake. Kuna siku alikula, na kuna siku sahani ilirudi jikoni na kawa lake juu. Mimi nisiye na subira nilikuwa kila mara namsumbua mshauri kwa simu: vipi, bado? Naye akinijibu bado, na binti anakusalimu.

Jumamosi ya kwanza aliyokuja kwetu alikaa pembeni na buibui lake, karibu na mlango, wala hakusema neno. Hakuna aliyemsemesha sana. Mamkubwa alikuwa amewaonya. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu, msichana aliyekuwa anajifunza kuchora alikuwa amemshika mwenzake mkono, mstari unakwenda pembeni, unarudi, unazidi kuharibika. Mara tukasikia sauti ya chini:

"Mkono wako unatetemeka. Lete."

Binti akainuka. Akakaa mkekani, akachukua kile kikoni cha plastiki chenye hina, akakata ncha upya kwa meno, akaanza. Sijui niseme nini kuhusu mkono ule. Hakuinua, hakusita, jani likatoka katika jani, na mzabibu ukapanda kutoka kidole cha kati mpaka juu ya kifundo kana kwamba ulikuwa mle ndani ya ngozi na yeye anauonyesha tu njia. Mamkubwa alinitazama kwa jicho la nilikwambia.

Toka siku hiyo Jumamosi zetu zilijaa. Walitoka Kiembeni, walitoka Mwakirunge, wengine kwa ajili ya maua yake tu, wakaketi, na wakiwa wameketi hina haijakauka yakawatoka yaliyokuwa yamewakaa. Alichora bila kusema mengi. Lakini alisikia yote, na mara nyingine msichana akisema jambo zito yeye alikuwa akibana kile kiganja kidogo, halafu anaendelea na jani lake.

Ila yeye mwenyewe hakupakwa. Wenzake walimwomba, walimtania, wakashindana nani ataruhusiwa. Alikataa. "Mimi nimpambie nani?" alikuwa akisema, kwa tabasamu la adabu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Siku moja tulikuwa tunaosha vyombo wawili tu. Nikamwambia, kwa ule ukali wangu, kwamba si lazima mtu ajipambe kwa ajili ya mtu.

"Si hilo tu, dada," akasema. "Hina ukiipaka leo, iko mkononi wiki na wiki. Ni kitu cha siku za mbele. Mimi bado sijui kama nipo huko."

"Ile dua yako bado unaiomba?"

"Si kila siku," akasema. "Sikudanganyi. Si kila siku."

Nilimweleza kwamba mshauri lazima alijue hilo, akakubali, tukampigia pamoja. Lakini tangu hapo kila Jumamosi jicho langu lilikuwa kwenye viganja vyake. Vilikuwa vyeupe kati ya mikono yote iliyopambwa, na mimi nilijua vinasema nini. Nilitamani nimshike nimpake kwa nguvu. Nilijikaza. Nilikuwa nimejifunza kujikaza, na paja langu lilikumbuka.

Ikaja siku ya vunja jungu, ile ya kula na kufurahi kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Mamkubwa alisema Jumamosi hiyo hapiki mtu kwake, kila mmoja aje na sahani. Ikaja biriani, zikaja sambusa, mahamri, mbaazi za nazi, na mimi nikaleta chapati zangu ambazo walizisifu kwa heshima tu. Mama wa binti naye alikuja, na biriani yake katika bakuli kubwa. Binti alichora tangu asubuhi. Walipokwisha wote, alibaki ameketi na kikoni kimoja ambacho hakijaisha. Alikitazama. Akaitazama mikono yake. Kisha akaninyooshea mimi kile kikoni.

"Nipake."

Nikageuka nyuma nione anamwambia nani.

"Mimi? Hapa pana watu wanaojua!"

"Wanaojua watanipamba," akasema. "Sitaki kupambwa. Nataka tu ipakwe. Wewe huwezi kunipamba hata ukitaka."

Sijawahi kutukanwa vizuri namna hiyo. Nikakaa mkekani, nikaushika mkono wake. Ulikuwa wa baridi kidogo. Nikabana kikoni. Hina ikatoka kwa fujo, tone zima likaangukia katikati ya kiganja. Nikasema basi, hilo ndilo kitovu cha ua, nikaanza kulizungushia petali. Ya kwanza ikawa nene, ya pili ikawa ndefu, ya tatu ikagongana na ya nne. Jasho lilinitoka. Wasichana wote walikuwa wamesogea, wameziba midomo kwa mabega, kwa kuwa mikono yao mibichi.

"Dada," binti akauliza, "hili ni nini?"

"Ni waridi."

"Mbona lina miguu?"

Mamkubwa akainama juu yangu, akalitazama kwa makini. "Subhanallah," akasema. "Si kaa huyo?"

Binti akacheka. Alianza kwa pumzi tu puani, halafu mabega yakamtikisika, halafu akacheka kicheko cha wazi, kirefu, kichwa nyuma, mkono kaunyoosha mbali ili hina isiguse nguo. Sikuwahi kusikia kicheko chake. Kilikuwa kikubwa, kikorofi kidogo, hakifanani hata chembe na ile sauti ya adabu. Mamake alitoka jikoni na kijiko mkononi, akasimama. Na binti alipopata pumzi akaninyooshea mkono wa pili.

"Na huu. Usinionee upande mmoja."

Kwa hiyo chakula kilipopakuliwa mikono yake yote miwili ilikuwa mibichi, kaa wawili wamelala juu ya magoti yake. Asingeweza kula mwenyewe. Mamake alikaa mbele yake na sahani ya biriani. Miezi yote ile alikuwa akizipeleka sahani chumbani na kuzirudisha zimejaa. Akafinyanga tonge dogo kwa vidole, akaliinua.

"Fungua kinywa."

Akafungua. Akatafuna, akameza. Mamake akafinyanga jingine. Yule mama hakuinua macho, alitazama sahani tu, tonge kwa tonge, mpaka ikabaki tupu. Mimi nilikwenda jikoni kwa kisingizio cha maji, nikalia huko, na Mamkubwa alipokuja kunitafuta tukalia wawili.

Baadaye nilialikwa katika mkutano mmoja mkubwa kueleza kazi yetu ya hina. Walipiga makofi, na wenzetu wa Likoni wamekuja kujifunza, sasa nao wana sebule yao na Mamkubwa wao. Nilijivuna sana siku ile, sioni haya kusema, nilivaa nguo mpya. Lakini kama mtu angeniuliza nimefanya nini maishani, nisingemwambia habari za mkutano. Ningemwambia nimechora kaa.

Lakini hayo ya mkutano ni ya mbele. Ramadhani ikaingia, Jumamosi zetu tukazipumzisha. Kumi la mwisho la mfungo lilipofika, nusu ya Kisauni ilimtaka binti awachoree kwa ajili ya Idi, akawa hana nafasi hata ya kunijibu simu. Sikumwona. Moyo wangu, ambao haujui kutulia, ukaanza kuuliza maswali yake.

Siku mbili tatu kabla ya Idi, alasiri, akabisha hodi nyumbani kwangu Frere Town. Alikuwa na mfuko wake wa vikoni begani, amechoka, ana usingizi wa mtu aliyefanya kazi. Nikamkaribisha aketi. Hakuketi. Alinifunulia viganja vyake chini ya mwanga wa mlango. Lile ua lilikuwa limefifia, limebaki rangi ya chungwa hafifu sana, ungelazimika kujua liko wapi ili ulione.

"Linakwisha, dada."

"Si utachorwa la Idi? Wako wangapi wanaojua?"

"Ah-ah. Nirudie lile lile."

Akachomoa kikoni, akanipa, akanyoosha mkono. Nikakishika, nikatazama kile kiganja, na kwa kweli sikukumbuka nilifanyaje.

"Lilikuwa na miguu mingapi?" nikauliza.

"Mitano," akasema. "Nilikuwa nikiamka naihesabu."